Injini Inapozimika Juu ya Shamba

Rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa hufanya kazi yake pale ambapo marubani wengine huogopa kukaa. Huruka mita tatu au nne tu juu ya mimea, kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa au zaidi. Injini ikizimika hapo, hana wakati wa kushauriana na mtu. Kila sekunde ndege hupita mita 40, na miti ya mwisho wa shamba i mbele yake.

Kazi hii ilianzishwa na askari. Tarehe 3 Agosti, 1921, karibu na mji wa Troy katika jimbo la Ohio, Marekani, Luteni John Macready wa jeshi la nchi hiyo alimwaga unga wa sumu kutoka katika ndege ya mafunzo ya kijeshi, juu ya miti iliyokuwa ikiliwa na viwavi.

Sababu za injini kuzimika si miujiza. Mafuta huisha; maji huingia katika tangi; chujio huziba; ama barafu hujijenga ndani ya kabureta, hata siku ya joto, hewa ikiwa na unyevu mwingi. Nyingi ya hizo huweza kugunduliwa au kuzuiwa ndege ingali chini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Je, likitokea, rubani afanyeje? Kwanza huinua pua ya ndege kidogo, ili mwendo alio nao umpandishe juu ya miti na nyaya. Papo hapo huvuta mkono unaofungua tangi la dawa upande wa chini, na mzigo humwagika kwa sekunde chache. Kisha huishusha pua ili mwendo usipungue, akatafuta mahali pa kutua mbele yake, kuelekea upepo unakotoka ikiwezekana. Hageuki kuurudia uwanja wa nyuma. Ndege iliyolazwa upande bila mwendo wa kutosha huanguka kama jiwe, na marubani wengi wamekufa kwa kosa hilo. Kabla ya kugusa ardhi hufunga mafuta na kuzima umeme, asije akaokoka pigo akateketea kwa moto.

Mafundi nao wametimiza wajibu wao. Mwaka 1950, huko Texas, mhandisi Fred Weick alitengeneza ndege iitwayo Ag-1, na baadaye akabuni Piper Pawnee, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959. Humo tangi la dawa limewekwa mbele ya rubani, ili ndege ikigonga, mzigo usimponde kwa nyuma. Rubani huketi juu, amezungukwa na vyuma imara, amefungwa mikanda ya mabega.

Jambo hili lawahusu askari wetu pia. Nzige walipoingia Karamoja mwezi Februari, 2020, wanajeshi ndio waliobeba pampu za dawa mgongoni, na Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki hutumia ndege kwa kazi hiyo hiyo. Ndege ya namna hiyo ikianguka porini, atakayefika kwanza huenda akawa koplo wa kituo cha karibu.

Basi akumbuke haya. Aikaribie kutoka upande unakotoka upepo. Asipite mbele ya panga boi, hata likiwa limesimama. Asiruhusu sigara wala moto. Kama rubani amelowa dawa, avuliwe nguo na kuoshwa kwa maji mengi na sabuni, naye anayemwosha ajilinde mikono. Akitokwa na jasho na mate mengi, akitetemeka au kupumua kwa shida, huenda ni sumu. Apelekwe hospitali upesi, pamoja na jina la dawa lililoandikwa kwenye pipa. Umati uzuiwe, na asiondoke mtu na mafuta, pipa wala kipande cha chuma, kwa kuwa wachunguzi watavihitaji.

Rubani hana nafasi ya kujifunza injini ikiisha kuzimika. Vivyo hivyo askari hana nafasi ya kuuliza maswali akiwa kando ya ndege inayovuja sumu na petroli. Haya na yafundishwe kambini na vituoni sasa.