Zamarada: Nondo wa kijani wanaofanana kama shilingi kwa ya pili

MKAZI wa Kona ya Musa awashaye taa barazani usiku wa masika huenda akatembelewa na nondo mdogo mwenye mabawa ya kijani yapenyayo mwanga, yaliyozungushiwa ukingo mpana wa rangi ya kahawia. Nondo wa umbo hilo ni wa jenasi ya Zamarada, jina linalokaribiana mno na neno zumaridi.

Zamarada ni wa familia ya Geometridae, yaani wapima ardhi, yenye zaidi ya spishi 20,000 duniani. Jina la familia limetokana na mwendo wa viwavi wake. Kiwavi hushika kwa miguu ya mbele, akajikunja na kuvuta ya nyuma, kisha akajinyoosha tena, mfano wa mtu apimaye kitambaa kwa shubiri.

Jenasi hiyo iliasisiwa mwaka wa 1887 na Mwingereza Frederic Moore, katika kitabu chake kuhusu vipepeo na nondo wa Sri Lanka. Hata hivyo, baadaye ilibainika kwamba Asia, kuanzia Bara Hindi hadi Borneo, ina spishi chache tu. Nyingi, kati ya zaidi ya 200 zinazojulikana, huishi Afrika kusini mwa Sahara.

Ugumu ni kuzitofautisha. Nondo wawili wasiotofautika kwa macho huweza kuwa wa spishi mbili. Ndiposa D. S. Fletcher wa Makumbusho ya Historia ya Asili jijini London, alipoichambua upya jenasi hiyo mwaka wa 1974, alitegemea viungo vya uzazi, ambavyo huchunguzwa kwa hadubini baada ya mdudu kupasuliwa.

Kwa Kwale, suala hili lina uzito. Misitu yake imesalia vipande vipande: Shimba Hills, hifadhi ya kitaifa tangu 1968, na kaya za Wamijikenda kama Kaya Kinondo ya Diani, iliyoingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka wa 2008. Iwapo nondo wote wa kijani watahesabiwa kuwa aina moja, kipande kimoja kikifyekwa itadhaniwa hakuna kilichopotea, maadamu nondo wa kijani wangali wanaonekana kwingine. Spishi yenye makao finyu yaweza kutoweka bila mtu kujua kwamba ilikuwapo.

Ndiyo maana kila nondo anayehifadhiwa kwenye makumbusho hubandikwa karatasi ndogo yenye mahali na tarehe aliponaswa. Karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha ni msitu upi uliomlea.