Safari ya Baiskeli na Miguu Katika Milima ya Livingstone

Wenyeji wa Talatala na pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa huiona Milima ya Livingstone kila siku, lakini si wote wajuao baridi yake. Kikundi kinachotaka kuipanda na kulala huko yakipasa kifahamu jambo hilo kwanza.

Toka Kyela mpaka Matema nchi ni tambarare, nayo baiskeli huchukua mahema na vyakula bila taabu. Kutoka Matema mlima wasimama kama ukuta. Hapo baiskeli ziachwe kwa mtu mwaminifu, na mizigo ichukuliwe mgongoni.

Ziwa liko mita 475 hivi juu ya bahari. Uwanda wa Kitulo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, wapita mita 2,500. Hewa ipandapo hutanuka na kupoa, hata joto hupungua kiasi cha digrii 6 kwa kila mita 1,000. Basi ziwani pakiwa na digrii 25, juu huwa kama 12 tu, na usiku wa Juni na Julai huweza kuanguka sakitu.

Nguo zilizolowa huondoa joto la mwili upesi, na mtu aweza kufa. Kwa hiyo kila mmoja achukue blanketi na nguo kavu, hema lipigwe kabla ya magharibi, na wote wafuate mwendo wa aliye dhaifu. Atetemekaye sana avuliwe nguo za maji, afunikwe, wala asiachwe peke yake. Mvua ikizidi, kurudi si aibu.