Obsidiani, jiwe lililokwisha kupumua

Weka obsidiani na pumisi mezani, hakuna atakayekubali kuwa ni ndugu. Moja ni nyeusi, inang'aa, na ukingo wake uliovunjika sasa hivi hukuchana kidole kabla hujahisi maumivu. Nyingine ni lile jiwe la kijivu la kusugulia visigino, jepesi hata linaelea majini. Hata hivyo, pengine zimetoka tumbo moja. Volkeno moja, magma moja yenye silika asilimia 70 hivi, na zote mbili ni kioo cha asili.

Tumezoea kuambiwa kuwa obsidiani ni lava iliyopoa upesi mno, fuwele zikakosa muda wa kuota. Maelezo hayo si uongo, ila hayatoshi, maana pumisi nayo ilipoa upesi, tena ikiwa imerushwa hewani. Kasi ya kupoa inaeleza kwa nini zote ni kioo. Kwa nini moja izame na nyingine ielee, haisemi. Kinachozitenganisha ni gesi. Magma ya aina hii ikiwa kilometa kadhaa chini ya ardhi huwa imeyeyusha maji ndani yake, mara nyingi asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake. Inapopanda, mgandamizo hupungua na maji hugeuka mvuke, kama soda inapofunguliwa. Ikipanda kwa kasi, vipovu hukosa pa kupitia katika ule uji mzito, magma yote hufura na kulipuka, na vipande huganda na vipovu vyake: hiyo ndiyo pumisi. Ikijikokota, vipovu huungana, nyufa hufunguka, mvuke huvuja, na povu lililobaki hujibana mpaka vitundu vifungike. Hapo hutoka obsidiani, ambayo maji yake kwa kawaida hayafiki asilimia 1.

Mbishi atasema mlipuko na lava huenda vilitokana na magma mbili tofauti. Cordón Caulle, nchini Chile, ilimjibu: kuanzia 2011 hadi 2012 volkeno hiyo ilirusha majivu na pumisi huku ikimwaga obsidiani, na kuna wakati yote mawili yalitoka tundu lilelile. Na rangi je? Elekeza kigae chembamba cha obsidiani juani, ukingo wake utapitisha mwanga. Weusi ni wa chembe ndogo mno za madini ya chuma. Katika pumisi kuta za vipovu ni nyembamba, mwanga hutawanyika, jiwe likaonekana jeupe.

Sisi Wakenya tuna machimbuko ya obsidiani Naivasha na mlima Eburru, na kila chimbuko lina alama yake ya kikemia. Kwa alama hizo watafiti wa Olorgesailie, eneo la mabaki ya kale nchini Kenya, walitambua kwamba miaka kama 300,000 iliyopita watu wa hapo walikuwa wakipata obsidiani iliyotoka umbali wa zaidi ya kilometa 25. Ndiyo maana inaudhi kuona vigae vya kale vinaokotwa kama ukumbusho wa safari: kigae kilichohamishwa bila kuandikwa kilipolala hutaja bado mlima wake, lakini hakisemi tena kilifikishwa wapi.

Matumizi ya leo yanajulikana: obsidiani kwa shanga na visu vya maabara; pumisi kwa matofali mepesi, kuchujia maji, kufulia jinzi, na kusugulia visigino.