Usiniombe almasi

Nikitaja tu kwamba kazi yangu ni kusimamia jumuiya za wachezaji wa gemu, swali linalofuata ni lile lile, niwe Kayanga, Omurushaka au Nkwenda: "Kaka, si uko na watu wa Free Fire? Niongezee almasi basi." Mwingine anataka nimfungulie akaunti iliyofungiwa. Wa tatu huwa mzazi, anauliza kama kweli kuna mtu analipwa kwa kucheza. Huyo mzazi nitamjibu baadaye. Wale wawili wamenichosha, maana nyuma ya ombi lao kuna imani inayowaliza vijana wengi wa Karagwe na Kyerwa.

Imani yenyewe ni kwamba almasi, sarafu ya ndani ya gemu ya Free Fire, zimo ndani ya simu, na anayejua "kuingia" anaweza kuzichota. Hazimo. Namba unayoiona kwenye kioo ni taarifa tu. Hesabu yenyewe iko kwenye seva za Garena, kampuni ya Singapore iliyotoa gemu hiyo mwaka 2017. Programu ya kuongeza almasi inaweza kubadilisha namba kwenye kioo chako, ukaipiga picha, ukairusha kwenye grupu na kusifiwa usiku kucha. Siku ukitaka kununua vazi, seva inasoma daftari lake, haisomi picha yako.

Sasa zitazame hizo kurasa za "jenereta". Kwanza zinaomba namba yako ya mchezaji, kisha nenosiri, kisha uthibitishe kwamba wewe si roboti. Uthibitisho huo ndio biashara. Unapelekwa kwenye matangazo, unaambiwa upakue programu, unaunganishwa na huduma inayokata salio, na mwenye ukurasa analipwa kwa kila hatua unayomaliza. Nenosiri nalo halitupwi; akaunti yenye mavazi ya miaka miwili ina mnunuzi. Na ile programu uliyotumiwa WhatsApp, nje ya duka la programu, huna namna ya kujua inasoma nini katika simu ambayo pengine ndiyo hiyo hiyo yenye fedha za kahawa za mama yako. Lipo pia toleo la mtaani: jamaa "ana ndugu yake Garena", unamtumia elfu tano, anakubloku. Watu wazima kabisa wananiuliza kama huyo ndugu namfahamu!

Hata ningetaka kukusaidia, sina ufunguo. Msimamizi wa jumuiya hagusi mfumo wa malipo. Akaunti inayofungiwa kwa udanganyifu inafungwa na kitengo kingine, kwa kumbukumbu za mechi zenyewe, na Garena imesema wazi kwamba anayekamatwa na programu za kudanganyia anafungiwa moja kwa moja.

Kama lazima nitafute mfano wa huku kwetu, kazi yangu inafanana na ya karani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Hapangi bei ya kahawa, wala hatembei na sefu ya chama kikuu cha ushirika, KDCU, mfukoni. Ila mkulima akikasirika, matusi yanaanzia kwake, na karani anayejua kazi hayafikishi matusi: anafikisha mzani upi, siku gani, magunia ya nani. Mimi nikipokea lundo la meseji za "gemu imeharibika" natakiwa nitoe humo sentensi moja ambayo fundi anaweza kuifanyia kazi: tangu masasisho ya juzi, simu zenye kumbukumbu ndogo zinajizima katikati ya mechi. Kisha narudi kwa wachezaji na jibu, hata likiwa baya, bila kuwadanganya.

Jibu la kizembe lina gharama. Novemba 2017, wachezaji wa gemu ya Star Wars Battlefront II walilalamika kwamba kumpata shujaa Darth Vader kunahitaji saa nyingi mno za kucheza. Timu ya EA, kampuni ya gemu hiyo, ikawajibu kwenye Reddit kwamba lengo ni wajisikie fahari ya mafanikio. Jibu hilo lilipigiwa kura za kukataliwa zaidi ya 600,000, likaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness, na ndani ya siku chache kampuni ikashusha gharama za mashujaa na kusimamisha mauzo ya ndani ya gemu.

Mei 2024 jambo lilitugusa hata sisi. Sony iliwaambia wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 wa kompyuta kwamba lazima waunganishe akaunti za PlayStation, huduma ambayo rasmi haikuwepo Tanzania, Kenya wala Uganda. (Ndiyo maana wenye PlayStation wengi wa huku wamejiandikisha kama wakazi wa nchi nyingine.) Gemu iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Kelele zilipopanda, Sony ilirudi nyuma ndani ya siku chache. Msimamizi mmoja wa jumuiya hiyo alikuwa amewahimiza wachezaji wapinge, na kazi yake ikaishia hapo. Mzazi, umeona tunacholipiwa?

Haya, yanayofaa, kwa haraka. Akaunti ya mgeni iunganishe leo na Google au Facebook. Simu ikipotea kabla ya hapo, usitegemee kuipata. Almasi nunua ndani ya gemu yenyewe. Misimbo ya zawadi inatumika kwenye ukurasa wa Garena peke yake, haikubali akaunti ya mgeni, na hakuna msimbo wa kweli unaodai umpe mtu nenosiri. Ukifungiwa kwa makosa, waandikie huduma kwa wateja mara moja: namba ya mchezaji, tarehe, picha ya kioo. Anayeitaka kazi hii aanzie kwenye kibanda chake cha gemu, Isingiro au Kihanga: apange mashindano, aandike kanuni, aamue ugomvi wa zawadi bila ngumi, atunze malalamiko kwa maandishi, anyooshe Kiswahili na Kiingereza chake, ndipo azitafute kampuni za gemu kama Carry1st ya Cape Town. Kushinda mechi si sifa ya kuajiriwa.

Na meseji ya tapeli wa almasi ipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa namba 15040. Usiniletee mimi.