Sukari inavyotoka ndani ya kloroplasti

Wanga uliojaa kwenye viazi mviringo vya Masisi, mashariki mwa Kongo, kuanzia Mweso hadi Kitchanga, chanzo chake ni majani. Ndani ya seli za jani mna vifuko vya kijani viitwavyo kloroplasti, na humo mwanga wa jua huwezesha hewa ya kaboni na maji kugeuzwa sukari. Kila kloroplasti ina tando mbili. Wa nje una matundu yanayopitisha molekuli ndogo. Wa ndani ni wa mafuta, na sukari haiupenyi bila protini za kuivusha.

Mchana, kazi kubwa hufanywa na protini inayovusha triozi fosfeti, sukari ya kaboni tatu. Haitoi kitu bure: ikitoka triozi moja, lazima fosfeti moja iingie, kama muuza soda anayedai chupa tupu kwanza. Nje, triozi huungwa kuwa sukrosi, ambayo husafiri kwenye mirija ya mmea hadi kwenye viazi, na fosfeti iliyobaki hurudi kloroplasti. Fosfeti ikiadimika, mabadilishano hukwama na jani hujilimbikizia wanga. Ndiyo maana udongo wa majivu ya volkano, pamoja na weusi wake unaovutia, unahitaji uangalifu: hushikilia fosfeti kwa nguvu, mizizi ikaambulia kidogo.

Usiku wanga wa jani huvunjwa kuwa maltozi na glukozi, na kila moja ina protini yake ya kuitoa. Ya maltozi ilitambuliwa mwaka 2004. Mmea unaoikosa hudumaa huku majani yake yamejaa wanga. Safari hii ya usiku yaweza kuonekana kwa macho. Jani la maharagwe lililochumwa jioni, likachemshwa, likaondolewa ukijani kwa spiriti iliyopashwa ndani ya maji moto, huwa jeusi lenye ubuluu likidondoshewa iodini. Lililochumwa alfajiri hubaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe, au huwa jeusi kidogo tu.

Safari hiyo ya usiku huweza hata kufidia upungufu wa mchana. Wanasayansi nchini Ujerumani walipopunguza protini ya triozi katika viazi, miaka ya 1990, majani yaliweka wanga mwingi zaidi mchana na kuutoa giza lilipoingia, na viazi vikaendelea kukua.

Ndani ya kiazi chenyewe mkondo hugeuka. Vifuko vya huko, ndugu wa kloroplasti wasio na rangi, huingiza glukozi yenye fosfeti pamoja na ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, kisha huunda chembe za wanga zinazoliwa.