Mchungaji aliyesikiliza mama wa nyumbani

UKIPITA Kaloleni, Jericho, Bahati au Makadara jioni penye matanga, ni vigumu kuukosa wimbo ‘Nina Haja Nawe’. Akina mama wa makanisa mbalimbali huuimba pamoja, wengi bila kufungua kitabu cha Tenzi za Rohoni. Hata hivyo, ni wachache wanaojua kwamba maneno yake yalitungwa na mama wa nyumbani, tena huenda yasingevuka mlango wa nyumba yake lau si mchungaji mmoja wa Kibaptisti.

Mchungaji huyo ni Robert Lowry, aliyezaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1826. Kuanzia 1861 hadi 1869 alilichunga kanisa la Hanson Place, Brooklyn, katika New York.

Lowry alijiona mhubiri kwanza. Alipata kusema kwamba ni heri ahubiri mbele ya watu walio tayari kusikia kuliko kutunga wimbo. Lakini William Bradbury, mhariri mashuhuri wa vitabu vya nyimbo, alipofariki mwaka 1868, Lowry ndiye aliyeshika kazi yake. Alitoa kitabu ‘Bright Jewels’ mwaka 1869, kisha ‘Pure Gold’ mwaka 1871 akishirikiana na William Doane, tajiri wa kiwanda aliyependa muziki.

Mkusanyaji wa nyimbo hahitaji sauti tu, bali maneno pia. Miongoni mwa waumini wa Hanson Place alikuwamo Annie Hawks, mama wa watoto watatu aliyependa kuandika mashairi. Lowry hakumpuuza. Alimhimiza aendelee kuandika, naye angetia sauti.

Asubuhi moja ya Juni, mwaka 1872, Bi Hawks akiwa katika shughuli zake za nyumbani, maneno ya wimbo huu yalimjia. Lowry aliyatia muziki na kuongeza kiitikio. Mwaka huo huo uliimbwa katika mkutano wa shule za Jumapili za Kibaptisti mjini Cincinnati.

Cha kushangaza ni kwamba Bi Hawks aliuandika wakati wa furaha. Alieleza baadaye kwamba hakufahamu kwa nini uliwafariji watu hivyo, mpaka yeye mwenyewe alipofikiwa na msiba mkubwa. Waliofiwa katika mitaa yetu hawahitaji kuelezwa jambo hilo.

Lowry alifariki Plainfield, New Jersey, mwaka 1899. Mahubiri aliyoyathamini hayajulikani tena na wengi, ilhali ‘Sioshwi Dhambi Zangu’, ambao maneno na sauti ni vyake mwenyewe, bado huimbwa kila Jumapili.

Hapa Eastlands pia wako akina mama wenye madaftari ya nyimbo walizotunga baada ya kuosha vyombo na kuwalaza watoto. Vipaji havikosekani. Kinachotakiwa ni mchungaji, au mwalimu wa kwaya, atakayemwambia mama mmoja: “Hebu lete hilo daftari tulione.”