Kisigino Kikiuma Asubuhi

Wako akina mama katika vikundi vyetu ambao wakiamka alfajiri kwenda kuchota maji lagani, hatua ya kwanza tu kisigino kinawachoma kama wamekanyaga msumari. Wakitembea kidogo maumivu yanapungua. Jioni, baada ya kusimama kutwa, yanarudi tena. Wengine husema ni baridi, wengine husema wamerogwa. Tueleze ni kitu gani hasa.

Kwanza angalia kama kuna mwiba. Hapa Nariokotome miba ya migunga na ya mathenge haikosi, na ncha ikikatikia ndani huleta usaha. Lakini kama hakuna jeraha wala uvimbe, na maumivu ni ya hatua za kwanza, basi mara nyingi ni ule mshipi wa unyayo.

Unyayo wa mtu umepinda kama uta. Chini yake kuna mshipi mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino mpaka vidoleni, na kazi yake ni kama upote wa uta huo. (Uta huu ni wa zamani sana. Yule kijana wa miaka kama milioni 1.5 ambaye Kamoya Kimeu aliona mabaki yake hapa kwetu mwaka 1984, mifupa ya nyayo zake karibu yote haikupatikana. Lakini ng'ambo ya ziwa, kule Ileret, zilipatikana nyayo za watu wa wakati wake zikiwa na upindo kama wetu.) Mshipi ukivutwa kupita kiasi siku baada ya siku, unaumia pale unaposhikana na kisigino. Usiku unakaza, asubuhi ukisimama unavutwa ghafula. Ndiyo sababu ya ule uchungu.

Kinachouvuta ni mizigo, kusimama muda mrefu, unene, na viatu vigumu. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 juu ya nyayo zako, mbali na uzito wako mwenyewe. Akala zilizolika upande wa kisigino nazo zinaharibu, na kutembea pekupeku kwenye mawe ni vibaya zaidi.

Dawa kubwa haiuzwi dukani. Kabla hujasimama asubuhi, kaa, weka mguu unaouma juu ya paja la pili. Shika vidole, uvute kuelekea ugoko mpaka uguse unyayo na kusikia mshipi umekaza. Hesabu hadi 10, achilia. Fanya mara 10, na urudie mchana na jioni. Hata mzee aliyekaa juu ya ekicholong yake chini ya mti anaweza. Halafu simama ukiegemea ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma, goti limenyooka na kisigino kiko chini. Hesabu hadi 30, mara tatu. Hii inalegeza msuli wa nyuma ya mguu, ambao ukikaza unauvuta ule mshipi.

Ndani ya akala weka kipande cha godoro kuukuu au blanketi lililokunjwa chini ya kisigino. Jioni viringisha chupa ya maji yaliyopoa mtungini chini ya unyayo kwa dakika chache. Vidonge vya maumivu hutuliza tu, tena vingine si vizuri kwa wenye vidonda vya tumbo au wajawazito, kwa hiyo muulize mhudumu wa zahanati kwanza. Kuchanja au kuchoma kwa moto hakusaidii kitu, kunaongeza kidonda.

Msitegemee kupona kwa juma moja. Wengi hupona, ila huchukua miezi, na wengine karibu mwaka. Wapo wanaokwenda Lodwar kupigwa picha, wanaambiwa kuna kijimfupa kimeota kisiginoni, wanaogopa upasuaji. Watu wengi wanacho na hawaumwi kabisa. Mazoezi ni yale yale.

Hapa ndipo kikundi kinaposaidia. Mwenye kuumwa apumzishwe zamu ya maji kwa majuma machache, apewe kazi ya kukaa, kama kusuka vikapu au kuandika daftari la akiba.

Lakini asingoje nyumbani mtu ambaye kisigino kimevimba na kina joto, au ana homa, au mguu umekufa ganzi, au maumivu hayamwachi hata akiwa amelala. Pia aliyeanguka kutoka juu, mwenye ugonjwa wa sukari, na mtoto yeyote anayechechemea. Hao wapelekwe zahanati siku hiyo hiyo.